Sauti Niliyoizima Nyumbani Mwangu

Leo naomba nianze na kosa langu mwenyewe kabla sijamnyooshea mtu mwingine kidole. Mwaka 1993, katika nyumba tuliyokuwa tumepanga Buruburu, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, niliichukua kanda ya binti yangu, nikauvuta utepe wake kwa kidole mpaka ukatapakaa sakafuni kama uzi wa cherehani, kisha nikamwambia, "Sitaki kukusikia ukiimba tena humu ndani." Alikuwa na umri wa miaka 15. Kanda yenyewe ilikuwa ya nyimbo za filamu ya The Bodyguard, iliyotoka mwaka mmoja kabla, na mwimbaji wake mkuu alikuwa Whitney Houston. Binti yangu hakunijibu. Aliuokota utepe ule, akautia katika pipa la taka, akaenda kuosha vyombo. Tangu siku ile sikumsikia akiimba tena, nami nikajiona nimetimiza wajibu wa mzazi.

Najua wapo wenzangu wa Mombasa, Lamu, Malindi na kwingineko pwani ambao wakisoma haya watasema, "Ulifanya vyema." Kwa miaka mingi hata mimi nilisema hivyo hivyo. Lakini kosa langu lilikuwa na ubaya wa ziada. Sauti niliyoizima kwa binti yangu ni sauti ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nikiipenda kwa siri kwa karibu miaka 20. Habari hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza, kisha msomaji anihukumu.

Nilikuja Nairobi mwaka 1974 kwa gari moshi la usiku, kijana wa miaka 22 mwenye sanduku la bati na barua ya kazi ya ukarani katika reli. Nilipata chumba Makongeni, mtaa wa wafanyakazi wa reli, ambako nyumba zilipangana kama mabehewa na ukuta wa jirani ndio uliokuwa ukuta wako. Siku za Ijumaa sikuona upweke. Nilivuka Jogoo Road, nikapita Shauri Moyo mpaka Pumwani, nikasali katika msikiti wa Riyadha, kisha nikakaa Majengo na wazee ambao Kiswahili chao kilikuwa na ladha ya kwetu, nikanywa kahawa na kusikiliza habari za mji. Taabu ilikuwa Jumapili. Siku hiyo kazi hakuna, jamaa hakuna, na kijana mgeni hubaki kuhesabu mabati ya paa.

Ukuta wa pili alikaa mama mmoja wa makamo, mwenyeji wa Nyanza, mke wa dereva wa gari moshi. Alikuwa mtu wa kanisa, na alikuwa na gramafoni. Kila Jumapili akirudi kutoka ibadani, akishateleka chungu chake, huweka santuri.

Jumapili moja nilikuwa nachemsha chai niliposikia sauti ya mwanamke ikipita ukutani. Maneno sikuyashika. Nilichokishika ni namna alivyolichukua neno moja tu, akalipandisha, akalivunja vipande sita saba, akalishusha polepole, akanyamaza kidogo, na watu waliokuwa naye wakamwitikia kwa vilio vya furaha. Mwili ulinisisimka. Hivyo hivyo ndivyo ami yangu alivyokuwa akisoma Barzanji kwetu Kuze, Mombasa. Akifika mahali pa kumtaja Mtume, rehema na amani zimshukie, alilivuta neno mpaka wazee wakaita, "Allah! Allah!"

Nikatoka na birika mkononi, nikabisha. "Hodi, Mama. Nani huyo anayesoma?"

Mama yule alicheka mpaka akashika mlango. "Hasomi, mwanangu. Anaimba. Huyo ni Aretha."

Alinionyesha jalada la santuri. Kumbe ilikuwa ile iitwayo Amazing Grace, aliyoirekodi Aretha Franklin kwa siku mbili za Januari 1972 katika kanisa la Kibaptisti huko Los Angeles, mbele ya waumini waliojaa. Santuri hiyo iliuzwa zaidi ya nakala milioni 2 nchini Marekani. Mimi nilitahayari. Nilikuwa nimelinganisha nyimbo za kanisani na Barzanji ya ami yangu! Nikarudi chumbani nikiapa sitasikiliza tena. Jumapili iliyofuata nilikisogeza kiti changu karibu na ukuta.

Basi mama yule akawa mwalimu wangu. Alinijulisha kwa Gladys Knight, aliyeanza kuimba kanisani angali mtoto huko Atlanta. Alinijulisha kwa Roberta Flack, ambaye kabla ya kupata jina alikuwa mwalimu wa shule katika mji wa Washington. Tena alinieleza, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba wimbo wa Respect ambao Aretha aliutoa mwaka 1967 ulitungwa na mwanamume, Otis Redding, aliyeuimba kwanza mwaka 1965. Redding aliuimba kama mume anayerudi nyumbani akitaka kuheshimiwa. Aretha aliugeuza, ukawa wa mke anayetaka heshima hiyo hiyo. "Maneno machache tu ameyabadilisha," mama aliniambia, "lakini wimbo umehama nyumba." Sisi tuliokulia kwenye taarabu tunaijua vizuri kazi hiyo. Kwetu beti moja likiimbwa na mwanamume ni ombi, likiimbwa na mwanamke ni fumbo, na anayelengwa hubaki kujikuna.

Katika miaka ile vijana wa Kaloleni, Jericho na Maringo waliuita muziki huu soul. Vijana wa leo wanauita R&B. Jina hilo la pili lina historia yake. Kabla ya mwaka 1949 magazeti ya biashara ya muziki Marekani yaliziweka santuri za watu weusi katika fungu lao peke yao, lililoitwa fungu la santuri za asili ya watu hao, kana kwamba rangi ya ngozi ni aina ya muziki. Mwaka huo mwandishi wa gazeti la Billboard, Jerry Wexler, ndiye aliyelipa fungu hilo jina la rhythm and blues, na miaka 18 baadaye Wexler huyo huyo ndiye aliyesimamia kurekodiwa kwa Respect. Yaani jina tunalolisikia kila siku katika matatu lilizaliwa ili kufuta jina la dharau.

Kadiri nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyozidi kuona kwamba masikio yangu hayakunidanganya siku ile ya birika. Mtazame Aretha. Alizaliwa mwaka 1942, na baba yake, C. L. Franklin, alikuwa mhubiri mashuhuri wa kanisa la New Bethel mjini Detroit. Alilelewa ndani ya mahubiri, na sauti yake ilifunzwa na mahubiri. Sasa mtazame Umm Kulthum, ambaye hapana nyumba ya kwetu isiyomjua. Baba yake alikuwa imamu wa msikiti wa kijijini, aliyekuwa pia akiimba nyimbo za dini harusini ili kuongeza riziki. Bibi huyo alijifunza kwa kusikiliza baba akimfundisha kaka yake, na alipoanza kuimba mbele ya watu alivishwa nguo za kiume ili asisemwe. Alipofariki Februari 1975, nakumbuka Majengo wazee wazima wakifuta machozi kwa ncha za vikoi. Hakuna aliyewaambia kwamba wanamlilia mwanamke mwimbaji. Binti wa imamu na binti wa mhubiri wote wawili walijifunza kwa baba zao kulivuta neno mpaka likaingia moyoni mwa msikilizaji.

Yupo mwanahistoria mmoja, Sylviane Diouf, aliyeandika mwaka 1998 kitabu juu ya Waislamu wa Kiafrika waliochukuliwa utumwani Amerika. Mama huyo amekuwa akiwasikilizisha watu vitu viwili: kwanza adhana, kisha wimbo wa kale wa wafanyakazi weusi waliojenga kingo za mito kusini ya Marekani. Anaonyesha jinsi sauti zote mbili zinavyotikisika, zinavyopanda na kushuka katika neno moja, zinavyosita. Hoja yake ni kwamba Waislamu wa Afrika Magharibi walipelekwa Amerika kwa wingi, na namna yao ya kusoma haikufa pamoja nao, bali iliacha alama katika muziki wa blues, ambao ndio mama wa soul. Si wataalamu wote wanaokubali, wala mimi si mtaalamu. Lakini baada ya kuisoma hoja hiyo sikuweza tena kusema kwa urahisi kwamba sauti ile ni ya watu wengine na haituhusu.

Hata tukiiacha hoja hiyo, tuangalie mambo yetu wenyewe. Mwanamke mweusi wa kwanza kuimba blues katika santuri Marekani alikuwa Mamie Smith, mwaka 1920. Miaka minane tu baadaye, mwaka 1928, Siti binti Saad wa Unguja alipanda meli na wenzake kwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Wakati huo Aretha alikuwa bado hajazaliwa. Siti alitoka kijiji cha Fumba, katika jamaa ya wafinyanzi, akaingia mjini mwaka 1911, na alidharauliwa sana kwa asili yake kabla sauti yake haijawanyamazisha waliomdharau. Shaaban Robert, ambaye hakuna anayeweza kumtuhumu kuwa mtu wa mchezo, aliona vyema kuandika wasifu wake. Basi tunaposema kwamba mwanamke kusikika katika santuri ni mambo ya Wazungu, tunamsahau Siti.

Tena sisi watu wa pwani hatujapata kuogopa sauti ngeni pale tunapoipenda. Nani hajui kwamba taarabu ya Mombasa ilichota kwa ndoo katika filamu za Kihindi? Juma Bhalo alipata sifa kubwa kwa nyimbo zilizovaa mahadhi hayo. Lata Mangeshkar alikuwa Mhindi wala hakuwa Mwislamu, lakini sauti yake iliingia sebuleni mwetu na hakuna mzazi aliyeivunja redio. Hata katika mambo ya ibada, Habib Swaleh alipoanzisha Lamu maulidi ya kusomwa kwa matari, wapo wakubwa wa mji waliochukizwa. Leo watu wanatoka nchi mbalimbali kwenda Lamu kuyahudhuria maulidi hayo, na msikiti wake wa Riyadha ni fahari yetu sote. Sisemi kwamba R&B ni sawa na maulidi, nisije nikabandikwa nisiyoyasema. Nasema kwamba kilichotisha jana si lazima kiwe haramu leo, na haraka ya kuhukumu imetuponza mara nyingi.

Haraka hiyo haikuwa yetu peke yetu. Mwaka 1969 wakuu wa mkoa uliokuwa na jiji la Dar es Salaam ndani yake waliupiga marufuku muziki wa soul, wakisema unaharibu vijana na kuua utamaduni wa taifa. Lakini sikiliza kilichotokea. Siku moja ya mwaka 2002 nilipanda matatu namba 58 kurudi Buruburu. Kama kawaida ya matatu za njia ile, muziki ulikuwa ukitikisa mpaka meno. Mara ikaja sauti ya mwanamke, laini, inalivuta neno na kulivunja vile vile kama yule wa ukutani Makongeni, ila safari hii niliyaelewa maneno yote. Yalikuwa Kiswahili! Nikamuuliza utingo, "Kijana, huyu nani?" Akanitazama kwa huruma, kama atazamwavyo mzee asiyejua rais wa nchi. "Huyo ni Lady Jaydee, mzee. Wa Tanzania."

Lady Jaydee, jina lake Judith Wambura, alikuwa ametoa albamu yake ya kwanza, Machozi, mwaka 2001, huko huko Dar es Salaam. Miaka 32 baada ya marufuku ile, soul ilikuwa imerudi ikizungumza Kiswahili safi, tena kwa kinywa cha mwanamke. Marufuku haikuua kitu. Ilichelewesha tu, na pengine ilivunja mioyo ya mabinti ambao hatutayajua majina yao. Nilipofikiri hivyo nikamkumbuka mmoja ambaye jina lake nalijua, kwa kuwa nilimpa mimi mwenyewe. Nilishuka kituoni nikiwa sina raha.

Miaka miwili baadaye tulikwenda Mombasa kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu. Usiku wa wanawake ulipokwisha, dada yangu alinijia uani akiwa amekunja uso. Akaniambia kwamba walipokuwa wakipiga vugo walimwomba binti yangu aongoze beti mbili, kwa sababu wote wanakumbuka alivyokuwa na sauti utotoni. Alikataa. Walipomshikilia alisema, kwa adabu na bila hasira, "Nilikatazwa." Wanawake wakadhani amekatazwa na mumewe, na mume wa watu akaanza kusemwa. Ndipo binti yangu akalazimika kusema ni nani.

"Kaka," dada yangu akaniuliza, "ulimkataza nini hasa? Ulimkataza Wamarekani au ulimkataza vugo la bibi yake?"

Sikuwa na jibu. Mtoto hakukatiwa Whitney Houston peke yake. Alikatiwa mama yangu, aliyekuwa akiongoza vugo Kuze kabla mimi sijazaliwa. Mtoto hawezi kukatazwa nusu ya sauti. Ukimwambia asiimbe hiki, anasikia asiimbe kabisa, na ukumbini kwa shangazi zake anakaa kama mgeni.

Sasa nije kwa wale watakaonipinga, maana wapo na wana haki yao. Watasema kwamba masheikh wetu wametofautiana juu ya ala za muziki, na wengi wao hawaruhusu. Ni kweli, na mimi si mufti. Mwenye swali la fatwa aende kwa wenye elimu. Watasema tena kwamba nyimbo nyingi za R&B ni za mambo ya chumbani, na kwamba picha zinazoonyeshwa pamoja nazo hazifai kutazamwa na baba akiwa na binti yake. Hilo pia ni kweli, na miaka hii limezidi. Lakini ndugu zangu, mbona katika taarabu tumejua siku zote kuchagua? Tunazo nyimbo za hekima na tunazo za matusi yaliyofunikwa kanga, na hakuna aliyesema kwa ajili ya hizo za pili tumzike Siti binti Saad mara ya pili. Tunapima maneno, tunapima mahali, tunapima mwenendo wa mwimbaji. Kipimo hicho hicho kinatosha kwa Aretha, kwa Whitney na kwa mtoto wako anayeimba jikoni.

Wengine watasema binti akiachiwa kuimba atapotea. Nawaomba watazame mifano iliyopo. Zuchu, aliyetoka mwaka 2020, ni Zuhura Othman wa Zanzibar, binti wa Khadija Kopa, malkia wa taarabu. Huyo hakutoka kwa mama yake kwenda kwa wageni. Unaisikia taarabu ndani ya muziki wake wa kisasa. Nyota Ndogo, Mwanaisha Abdalla, ni wa kwetu pwani ya Kenya. Alikuwa mtumishi wa nyumbani kabla ya kuimba, na nyimbo zake zimebeba maneno ya mtu aliyeonja taabu. Si lazima uzipende nyimbo zao zote. Mimi mwenyewe nyingine hunipita. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba wanawake hao wamepoteza Kiswahili au wamesahau walikotoka.

Nilimwomba binti yangu msamaha mwaka 2018, siku ile ya Agosti redio ziliposema Aretha amefariki. Nilimwita, nikamweleza habari ya Makongeni, ya ukuta na ya yule mama, ambayo sikuwahi kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimekusamehe zamani, Baba. Ila sauti nayo imeshika kutu." Tukanyamaza wote wawili. Kusamehewa ni jambo moja, na kurudishiwa kilichopotea ni jambo jingine.

Sasa ninaye mjukuu wa miaka 14, anaishi nasi hapa Nairobi. Asubuhi huvaa buibui lake akaenda madrasa, na mwalimu wake humsifu kwa kasida. Jioni, akiosha vyombo, huimba nyimbo za Zuchu na za Nikita Kering', yule msichana wa Kenya aliyepata tuzo ya AFRIMA ya R&B na soul mwaka 2021. Hulivuta neno, akalivunja, akalishusha. Sauti ya kasida na sauti ya jikoni ni ile ile moja, wala yeye haoni ajabu yoyote. Juzi aliimba mstari mmoja ambao maneno yake sikuyapenda. Nikamwita, nikamwambia, "Mjukuu wangu, maneno haya hayakufai. Sauti ni nzuri, itafutie maneno mengine." Akacheka, akaimba wimbo mwingine. Haikuchukua hata dakika mbili, wala hakuna utepe uliotapakaa sakafuni.

Hilo ndilo ninalowaombea wazazi wenzangu wa pwani, mliopo huko na mliopo huku bara. Mkimsikia binti akiimba kwa sauti msiyoizoea, msikimbilie kuvunja chombo. Kaeni karibu na ukuta kwanza, msikilize. Kama maneno ni mabaya, yakatazeni maneno. Sauti iacheni, maana hiyo hamkumpa ninyi.